Nusu ya Sahani

Kama ulipita Nyakanazi miaka ile ya wakimbizi na hukula kwa Leonsia, basi ulikula kwa jirani yake huku ukimsikia yeye. Sauti yake haikuwa kubwa, ila ilikuwa haikatiki, na haikupanda wala kushuka hata pale alipokuwa anasema maneno ya kugombanisha watu. Kwenye banda lake la mabati na turubai la buluu, pale malori ya mahindi ya msaada yalipopumzika kabla ya kuelekea kambi za Ngara, madereva walipata ugali, maharage, ndizi za kupika na maoni. Maoni yalikuwa ya bure, na hakuna aliyeondoka bila kufungiwa.

Kuhusu siasa alikuwa na msimamo mmoja: uchaguzi ni kitu kizuri kwa mtu asiye na ndugu. Mwaka wa tisini na tano, vyama vingi vilipokuja kujinadi pale njia panda, alihudhuria mikutano yote akala pilau ya wote. Hukumu yake ilikuwa kwamba wa kwanza walikuwa na nyama, wa pili walikuwa na chumvi, na wa tatu walikuwa na kipaza sauti tu. Kuhusu mitambo, hakuona cha kusifu. Magari meupe ya mashirika yalisimama mbele ya banda yakiwa na antena ndefu, na mtu ndani yake akizungumza kwa simu ya upepo na mwenzake aliyeko Ngara mjini. Wengine, watu walisema, waliweza kuongea hadi Ulaya.

"Kinasema na Ulaya," Leonsia alisema akipakua mchuzi, "lakini kiulize nani amelala wapi kule Muyinga, Burundi, kitakohoa tu."

Kwenye mpira alikuwa Yanga damu, na wa Simba aliyekula kwake alikula akiwa ameinama. Kwenye chakula ndiko alikokuwa hakimu kabisa. Sangara wa ziwani alikuwa samaki wa watu wenye haraka. Mahindi ya njano ya msaada yalikuwa chakula cha mtu ambaye hakuulizwa anapenda nini. Na maharage yasiyo na chumvi ya kutosha yalikuwa dharau kwa aliyeyalima.

"Mama, wewe ungegombea ubunge," Celestini alimwambia siku moja. Huyu Celestini alikuwa dereva wa lori kubwa, mtu wa tumbo na kicheko, na alipita hapo mara mbili kwa wiki.

"Mbunge anakula sahani nzima," Leonsia akajibu. "Mimi siwezi."

Watu wakacheka. Theodosia hakucheka. Theodosia alikuwa anakaanga samaki banda la pili, na kwa miaka miwili alikuwa amemwona mwenzake akila. Kila mchana Leonsia alijipakulia sahani moja, akachora mstari katikati ya ugali kwa kidole, akala upande wa kushoto mpaka mstarini, akanawa. Upande wa kulia aliufunika na sahani nyingine. Jioni, kama hajaja mtu, na hakuna aliyewahi kuja, alimpa yeyote mwenye njaa.

Maana Leonsia alikuwa pacha. Kwao Burundi pacha anayetangulia huitwa Bukuru na anayefuata huitwa Butoyi, awe wa kiume awe wa kike, na hakuna anayehangaika kutafuta majina mengine. Yeye alikuwa Butoyi, na kaka yake Bukuru. Leonsia ni jina la ubatizo. Mwaka wa sabini na mbili, wakiwa na miaka kumi na miwili, mama yao aliwavusha mpaka, wakatembea usiku na mchana hadi kijiji cha Mabawe, Ngara, ambako familia moja ya Wahangaza, wenyeji wa huko, iliwapa kipande cha shamba. Huko walisoma, wakakua, wakabishana. Bukuru akiwa Simba, Butoyi akawa Yanga, kwa sababu hiyo tu na si nyingine. Bukuru akiamini redio, Butoyi haamini. Bukuru alisema dada yake anamwaga chumvi kama anamlisha ng'ombe, naye Butoyi akaongeza kijiko kingine ili aone atafanya nini.

Lakini sahani ilikuwa moja. Hiyo ilikuwa sheria ya mama yao, na haikuwa na mjadala. Pacha hula nusu na mwenzake nusu. Mmoja akisafiri, aliyebaki anakula mpaka katikati anaacha. "Anayemaliza sahani," mama alikuwa anasema, "ametangaza kwamba mwenzake hayupo duniani." Sheria ya pili ilikuwa kwamba pacha halii kwa ajili ya pacha, hata iweje, kwa sababu akilia anaitwa naye aende.

Agosti ya tisini na tatu, baada ya uchaguzi wa ng'ambo, Burundi, Bukuru alifunga mzigo akarudi kuona nchi. Butoyi alimwambia nchi haijatulia. Bukuru akamwambia kwamba tangu azaliwe wa pili, Butoyi hajawahi kuwa wa kwanza kwa jambo lolote, hata kwa furaha. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho. Oktoba nchi ikawaka, na Bukuru hakusikika tena.

Leonsia hakulia, kwa kuwa hairuhusiwi. Wala hakuugua, wala hakukonda sana. Kitu fulani ndani yake kilifungwa kama duka siku ya msiba, na mbele ya mlango akapanga maoni. Akaacha shamba la Mabawe, mama akiwa ameshafariki na ndoa yake ya kijiji cha Nyamigogo ikiwa imeshakufa kifo chake yenyewe, akaja kupika njia panda. Alikuwa hasikii vizuri vitu mwilini. Siku moja alishika mpini wa sufuria ya moto akabaki ameushika, na ni Theodosia aliyesikia harufu ya ngozi akapiga kelele.

Ilikuwa Aprili ya tisini na sita alipokuja mzee Alfonce, katekista wa Mabawe, akiwa amevaa koti lake la Pasaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hujambo?"

"Sijambo. Kaa, kuna chai. Chai ya huku si kama ya nyumbani, majani yake wanauza baada ya kuyatumia wenyewe."

Mzee akakaa, akashika kikombe kwa mikono miwili. "Leonsia, jina lako limebandikwa mlangoni pa kanisa. Una karatasi ya Msalaba Mwekundu. Iko kwenye sanduku ofisini kwa padre, na lazima uje mwenyewe utie sahihi."

"Inatoka kwa nani?"

"Sijui. Zinakuja zimekunjwa, nje pana jina la mpokeaji na kijiji chake. Mimi sikunjui ya mtu."

"Zimeshakuja nyingine?"

Alfonce alikuwa mtu mkweli, na ukweli mara nyingine hauna adabu. "Mwaka huu zimekuja nne."

"Zilikuwa na nini?"

"Tatu zilikuwa za vifo."

Leonsia akageuza ndizi kwenye sufuria. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kumsema sangara, kwamba yeye na karatasi hawajawahi kuelewana. Tangu sabini na mbili, alisema, kila Mrundi aliyenusurika alifika Mabawe kwa miguu yake, kavimba, kachafuka, lakini kafika. Waliokufa ndio walifika kwa maneno. "Mtu mzima akiwa hai anakuja, mzee. Karatasi hutumwa na wale wasioweza kuja."

"Inawezekana si hivyo."

"Inawezekana. Ongeza chai."

Mzee aliondoka hivyo. Usimlaumu. Kijiji kizima kilifikiri kama Leonsia, na mzee mwenyewe pia alifikiri hivyo, ndiyo maana alivaa koti la Pasaka, kama mtu anayepeleka habari ya msiba.

Basi karatasi ikakaa kwenye sanduku Mabawe, na Leonsia akakaa Nyakanazi, na kati yao pakawa na safari ya siku moja. Ukimuuliza, alikuwa na hesabu yake. Karatasi ikisomwa, sahani italiwa nzima. Isiposomwa, Bukuru ana nusu yake. Hakuwa na matumaini, tusimsingizie. Alitaka tu mambo yabaki yalivyo, kwa kuwa yalivyokuwa aliyaweza.

Theodosia alijaribu mwezi wa Tano. "Nenda, Leonsia. Kuishi bila kujua ni kuishi gani?"

"Samaki wako wanaungua," Leonsia akamjibu, na ilikuwa kweli.

Celestini naye alijaribu. Alikuwa anashusha mahindi Lukole, kambi ya Warundi, kila wiki. "Nipe jina, mama. Nitauliza kwa viongozi wa vijiji vyao mle ndani. Ni kuuliza tu."

Leonsia alimpa maoni yake juu ya uzito ambao lori lake linabeba kwenye madaraja ya mbao. Celestini akala, akashukuru, akapanda lori, akaenda Lukole bila jina. Julai redio ikasema jeshi limechukua nchi ng'ambo tena. Banda zima likageuka kumtazama Mrundi wao. Leonsia akasema jeshi ni kama Simba, likikosa wa kucheza naye linajifunga lenyewe. Madereva wakacheka kwa kulegea, na yeye akaendelea kuosha vikombe ambavyo alikuwa ameshaviosha.

Desemba Wanyarwanda walirudishwa kwao, kambi zao zikabaki nyasi zilizolala na mashimo ya vyoo. Malori yakapungua. Januari, mchana wa jua kali, mzee Alfonce akashuka kwenye basi tena, safari hii bila koti. Alipokaa, alitoa karatasi mfukoni akaiweka mezani, akaweka kikombe cha chumvi juu yake upepo usiibebe.

"Sanduku linafungwa," alisema. "Ambazo hazikuchukuliwa zinarudishwa zilikotoka. Nimekutilia sahihi mimi. Ni kosa, nitaungama. Sikutaka irudi huko ikisema hakuna aliyeitaka."

Leonsia alimpakulia mzee ugali. Akawahudumia madereva wawili. Akamweleza mmoja wao kwamba kocha mpya wa Yanga hajui mpira. Theodosia alizima jiko lake akaja kusimama karibu, mikono ikinuka mafuta ya samaki. Mwishowe Leonsia akafuta mikono kwenye kanga, akaondoa kikombe cha chumvi, akakunjua.

Hati ilikuwa ya Bukuru mwenyewe, zile herufi zake zilizolala upande mmoja.

"Butoyi. Mimi mzima. Niko Lukole tangu Januari, kijiji cha tatu ukishapita bomba la maji. Mguu wa kushoto uliumia, sitembei mbali, na hata ningeweza haturuhusiwi kutoka kambini, ndiyo maana natuma karatasi."

Hapo mistari miwili ilikuwa imefutwa kwa wino mweusi, kwani juu ya karatasi kulichapwa kwamba ni habari za familia tu, siasa hapana. Bukuru alikuwa hajajifunza kunyamaza. Kisha maandishi yaliendelea.

"Wanatupa mahindi ya njano. Nakubali sasa, ulikuwa unasema kweli, hayana ladha. Kuna bwana mmoja ana kompyuta ya kukunja. Nilimwuliza kama inaweza kukutafuta, akasema bado haijafika huko. Je, bado unamwaga chumvi? Na Simba walilichukua lile kombe la Afrika? Hapa kila mtu anasema lake. Nimekataa kuwasikiliza. Nangoja uniambie wewe. Nakula nusu. Bukuru. Tarehe 2 Machi 1996."

Leonsia aliisoma mara moja, kisha akaitazama tarehe.

"Simba walifungwa," alisema. "Nyumbani. Mbili bila."

"Nani?" Theodosia akauliza. "Leonsia, imesema nini?"

"Inauliza kuhusu Simba." Akampa aisome. Theodosia alipofika mwisho alikaa chini, hapohapo vumbini, akalia kwa furaha kwa sauti ya watu wawili. Mzee Alfonce akavua kofia. Leonsia alisimama katikati yao akingoja na yeye aguswe, kama mtu anayengoja mguu uliokufa ganzi urudi. Haukurudi. Alijua hii ni furaha, aliitambua kwa sura. Kilichomsumbua ni Machi. Alihesabu kwa vidole chini ya kanga, miezi kumi, na malori mangapi yaliyosimama mlangoni pake yakiwa yanaelekea huko, na Celestini akisema nipe jina.

Asubuhi yake alipika maharage, akayatia chumvi kama anavyotia, akafunga sufuria kwa kitambaa, akapanda kwa Celestini. Njia nzima hakutoa maoni. Celestini alimchokoza kuhusu Yanga, akamchokoza kuhusu barabara, halafu naye akaogopa, akashika usukani kwa mikono miwili mpaka Lukole.

Kambi ilikuwa safu za vibanda vya udongo na turubai, moshi na watu. Kijiji cha tatu, baada ya bomba la maji, walimwelekeza kwa bibi mmoja, Niragira, aliyekuwa anapepeta maharage mlangoni. Leonsia alimwamkia kwa Kirundi, akasema anamtafuta Bukuru, mtu wa Muyinga, mgonjwa wa mguu.

Bibi alimtazama, kisha akatazama kibanda cha pembeni. Mlango wake ulikuwa umezibwa kwa matete.

"Umetoka mbali?"

"Nyakanazi."

"Basi ule kwanza," Niragira akasema. "Mgeni haambiwi kitu akiwa na njaa."

Leonsia alitaka kusema kwamba yeye si mgeni, na kwamba amekuja na sufuria yake. Lakini adabu ni adabu. Bibi aliweka sufuria ile pembeni akaleta chakula chake mwenyewe, ugali wa mahindi ya njano na maharage, kwenye sahani ya bati iliyobanduka rangi ukingoni. Leonsia akanawa. Akachora mstari katikati kwa kidole, bila kufikiri. Akala upande wa kushoto mpaka mstarini, akasimamisha mkono.

Niragira alikuwa ameacha kupepeta.

"Ni wewe," alisema. "Mungu wangu. Ndiye wewe."

"Yuko wapi?"

"Alikuwa anakula hivyohivyo. Nilikuwa namgombeza, nikimwambia mgao wenyewe haushibishi na wewe unaacha. Ananiambia, bibi, hiyo si yangu, ni ya mwenzangu. Kila jioni anampa mtoto wa jirani. Kila Jumatano anakwenda na gongo lake kwenye ofisi ya karatasi, anarudi. Alianza Machi. Miezi ikapita, anaenda, anarudi. Wenzake walipokea majibu, hata wa vifo walipokea. Yeye ikawa kimya tu." Bibi alifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Alinieleza, dada yangu hawezi kuona karatasi yangu asije. Hana woga yule. Angekuwa hai angekuja hata kunitukana tu."

Leonsia akanawa mkono.

"Novemba, baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, nilimpakulia kama kawaida. Akachora ule mstari. Akakaa akiutazama mpaka ugali ukapoa. Halafu akala. Akavuka mstari, akala yote, akapangusa sahani kwa kidole. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, maana nilishaelewa. Akaiosha sahani akanipa, akaniambia hana wa kungoja upande huu, heri akafie kwenye shamba la baba yake. Watu wa kwao walikuwa wanarudi kwa siri. Walimpakia kwenye baiskeli wakaisukuma. Tangu hapo sijasikia, na kule sasa wanapiga risasi hata ng'ombe."

"Sahani gani?" Leonsia akauliza.

"Hiyo unayolia ugali."

Leonsia akaitazama. Mstari ulikuwa umenyooka. Upande wa kulia maharage yalikuwa yameanza kukauka, na nzi mmoja alikuwa ametua akaondoka. Mahali fulani ng'ambo ya mto wa mpakani, kama bado anakula, Bukuru alikuwa anakula sahani nzima. Kila siku, mara moja au mbili, alikuwa anamzika dada yake. Leonsia alitafuta kilio mahali kinapokaa akakuta mlango ule uleule, naye hakujua tena ufunguo aliuweka wapi.

"Maharage yako hayana chumvi," akasema.

"Chumvi hatupewi, mwanangu."

"Yale ya kwenye sufuria yanayo. Nusu yake mpakulie kutoka mle sufuriani." Akachukua sahani nyingine ya bibi akafunika nayo ile ya kwanza, taratibu, ukingo juu ya ukingo. "Na hii usimpe mtu mpaka jioni. Akirudi mwambie Simba walifungwa, mbili bila, nyumbani. Mwambie ni mimi niliyesema."